Usiache Mbachao

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wenzetu kupima ustaarabu wa taifa kwa wingi wa ghorofa zake. Twakipinga kipimo hicho, na shahidi wetu twamtoa katika mji ule ule wanaousifu, yaani Chicago, Marekani.

Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1871, mji huo ulijengwa upya kwa kasi. Ardhi ya katikati ikapanda bei, na matajiri wakataka kujenga kwenda juu. Lakini kila ghorofa iliyoongezwa iliulazimu ukuta wa chini kuwa mnene zaidi, ukala nafasi na mwanga. Ndipo William Le Baron Jenney, katika jengo la bima la Home Insurance lililokamilika mwaka 1885, alipoitwika mifupa ya chuma sehemu kubwa ya mzigo, ukuta ukawa kama vazi tu. Jengo lilikuwa na ghorofa 10. Mwaka 1891 zikaongezwa 2.

Huo haukuwa mwujiza wa mtu mmoja. Elisha Otis alikwisha kuonyesha lifti yenye breki ya usalama katika miaka ya 1850. Viwanda vilikwisha kujua kufua chuma cha pua kwa wingi. Na vibarua, ambao majina yao hayasomwi darasani, ndio waliopandisha boriti. Mwanafunzi anayekaririshwa jina la Jenney peke yake amepewa nusu ya habari.

Na jengo lenyewe li wapi? Lilibomolewa mwaka 1931 kupisha jengo refu zaidi. Wakati wa kulibomoa ndipo wataalamu walipoitwa kuichunguza mifupa yake, wakalitangaza kuwa la kwanza la aina yake. Heshima gani hii impatayo maiti kaburini? Ikiwa urefu ndio utukufu, basi kila jengo hungoja refu zaidi lije kuliondoa.

Wala tusiwacheke. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, nayo ilisimamishwa kwa nguzo za chuma. Sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020, na watu wawili wakafa.

Basi walimu, wafundisheni vijana kuuliza si jengo lina ghorofa ngapi, bali nani walilijenga, kwa maarifa gani, na nani analitunza. Tukihitaji marefu, tuyajenge. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.