Chombo Kikiharibika Mikononi mwa Fundi, Nani Alipe?

Kuna neno moja livunjalo urafiki wa watu upesi kuliko deni, nalo ni neno "ajali." Mtu humpa fundi mashua yake ikiwa nzima, ila mahali pawili au patatu panapovuja. Siku ya kwenda kuichukua huikuta imevunjika ubavu, au imeungua, au haipo kabisa. Fundi husema, "Ndugu yangu, ajali haina kinga." Mwenye mashua hujibu, "Mimi sikukupa ajali, nilikupa mashua." Hapo wazee huitwa, na wazee wakishindwa, hakimu.

Juma hili yafaa tulitazame shauri hili kwa utulivu. Wasomaji wetu wakaao mbali na bahari wasigeuze ukurasa, maana kanuni imhusuyo mwenye mashua ndiyo imhusuyo mkulima aliyepeleka plau yake kwa mhunzi, na karani aliyeacha baiskeli au saa yake kwa fundi.

Tuanze na chombo chenyewe. Katika pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga, chombo cha mbao hakiwezi kukaa majini miaka na miaka bila kupandishwa. Baharini mna minyoo watoboao mbao. Pamba iliyotiwa katikati ya mbao huoza na kulegea. Misumari huliwa na kutu. Kwa hiyo mwenye chombo hungojea bamvua, maji yajaapo sana, akakisogeza juu ufukoni. Maji yakipwa, chombo hubaki pakavu, kimeegemezwa kwa magogo. Ndipo fundi akwanguapo ukoga na magamba, achomapo makuti makavu chini yake ili kuua minyoo, akalafatipo upya, na mwisho apakapo deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Watu wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, wamesifiwa tangu zamani kwa kazi hii ya kuunda na kutengeneza vyombo.

Msomaji ataona kwamba kila hatua ya kazi hii ina hatari yake. Gogo likiteleza, chombo huanguka na mataruma yake kuvunjika. Moto wa makuti ukiachwa bila mtu huunguza mbao pamoja na minyoo. Kamba ikifungwa vibaya, bamvua lijalo huchukua chombo likaenda nacho. Na hasara si ya mbao peke yake. Mvuvi asiye na mashua hana riziki, wala mabaharia wake hawana. Upande wa pili, fundi aghalabu hana mali ila shoka, msumeno, keekee na mikono yake. Akiamriwa kulipa chombo kizima, huenda akalipa mpaka uzeeni. Kwa hiyo si haki kumtoza kwa kuwa tu chombo kilikuwa kwake, wala si haki kumwachilia kwa kuwa tu ametamka neno "ajali."

Watu walilifikiri jambo hili zamani sana. Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliyetawala yapata miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa Kristo, aliandikisha sheria zake juu ya jiwe ambalo leo limehifadhiwa Paris. Mojawapo yasema kwamba fundi asiyeunda mashua imara, na ikaonyesha kasoro mwaka ule ule, ataibomoa na kuiunda tena kwa gharama yake mwenyewe. Nyingine yasema kwamba baharia aliyekodi mashua ya mtu akaizamisha kwa uzembe wake, atalipa mashua kwa mashua. Tazameni kwamba hata katika sheria ile, iliyokuwa kali, baharia alilipa kwa sababu ya uzembe.

Katika sheria ya Kiislamu, ambayo wazee wengi wa pwani wameisoma, mtu aliyeshika amana bila ujira halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Walakini juu ya fundi afanyaye kazi ya watu wote kwa ujira, wanavyuoni walihitilafiana. Imesimuliwa kwamba Khalifa Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa, kwa kuona kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatatengenea. Wengine walisema kwamba fundi naye ni mwaminifu, wala halipi pasipo kosa lake.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi yetu. Mpaka mwisho wa mwaka 1960, mapatano ya namna hii katika Kenya yaliamuliwa kwa Sheria ya Mapatano ya Uhindi ya mwaka 1872. Sheria ile ilisema kwamba mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenziwe hana budi kukitunza kama vile mtu mwenye busara ya kawaida angalivyotunza kitu chake mwenyewe, cha ukubwa ule, cha namna ile na cha thamani ile. Tangu mwaka 1961 tunafuata kanuni za mapatano za Uingereza, na katika jambo hili njia hizi mbili hazipitani mbali. Yatupasa kushika mambo manne.

La kwanza, fundi si bima. Tufani isiyo ya kawaida ikivunja chombo kilichoegemezwa vema, au wezi wenye silaha wakimshinda mlinzi aliyekuwa macho, fundi halipi, isipokuwa aliahidi tangu mwanzo kwamba atalipa kwa vyovyote.

La pili, nalo ndilo kubwa, mwenye kueleza ni fundi. Mwenye mashua akithibitisha kwamba aliikabidhi ikiwa katika hali fulani, na kwamba imerudi imeharibika au haikurudi, basi amekwisha kutimiza sehemu yake. Hatakiwi kuthibitisha jinsi moto ulivyoanza, kwa maana hakuwapo. Aliyekuwapo ni fundi, na ni juu yake kuonyesha ama kwamba alitunza ipasavyo, ama kwamba hasara haikutokana na uzembe wake. Akinyamaza, au akisema "sijui," hukumu itamwelemea.

Tuchukue mfano. Mafundi wawili wachoma makuti chini ya mashua mbili, na zote mbili zaungua. Wa kwanza aonyesha kwamba alichagua saa isiyo na upepo, aliweka madebe ya maji tayari, na watu wawili walisimama pale, mara upepo ukageuka kwa ghafula wakapigana na moto mpaka ukawashinda. Wa pili aliwasha moto akaenda kunywa chai. Wote wawili watasema kwamba ni ajali, na pengine wote wawili wataamini hivyo. Lakini wa kwanza ana maelezo, wa pili hana. Huyo wa pili atalipa.

La tatu, fundi hujibu kwa makosa ya watu wake. Hawezi kusema, "Ni kibarua wangu, mkamateni yeye." Mwaka 1965 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la vazi la manyoya ya thamani. Mwenyewe alilipeleka kwa muuza manyoya lisafishwe, naye, kwa idhini yake, akalipeleka kwa wasafishaji wengine, na huko mfanyakazi yule yule aliyepewa kazi ya kulisafisha akaliiba. Wasafishaji walionekana wanawajibika, ingawa mwenye vazi hakupatana nao yeye mwenyewe. Basi fundi amtumaye kijana kulinda chombo usiku na amchague vema.

La nne, fundi asifiche habari. Mwaka 1919, huko huko Uingereza, mtu mmoja alikuwa akilisha mitamba ya mwenziwe kwa malipo. Miwili ikaibiwa pasipo kosa lake, lakini hakumwarifu mwenye mali wala polisi. Mahakama iliona kwamba yampasa kulipa, asipoweza kuthibitisha kwamba hata kama angalitoa habari, mitamba isingalipatikana. Wakulima walishike sana neno hili, kwa kuwa wengi wetu hukabidhiana mifugo. Wizi haukuwa kosa lake. Kunyamaza ndiko kulikomponza.

Na mwenye mashua je, hana wajibu? Anao. Akijua kwamba mkuku umeoza akamficha fundi, kisha chombo kikavunjika kilipoegemezwa, asitazamie kulipwa kama mtu asiye na lawama. Tena malipo si njia ya kugeuza mashua kuukuu kuwa mpya: kipimo ni hasara aliyoipata kwa chombo kama kilivyokuwa, pamoja na mapato aliyoyakosa ikiwa fundi alijua au ilimpasa kujua kwamba yatakosekana. Wala asidhani kwamba anaweza kuchukua mashua iliyokwisha kutengenezwa vema bila kulipa ujira. Fundi ana haki ya kuishika mpaka alipwe kwa kazi aliyoifanya juu ya mashua ile, walakini wakati wote aishikapo bado ni juu yake kuitunza.

Mafundi wengine hutundika ubao wenye maneno kwamba vitu huachwa kwa hatari ya wenyewe. Ubao huo si ngao ya kila vita. Mwenye mali hana budi kuonyeshwa maneno hayo kabla ya kupatana, si baada ya hasara, na mahakama huyasoma kwa ukali dhidi ya yule aliyeyaandika.

Haya yote huwa mepesi ikiwa yameandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kukabidhiana chombo, na iandikwe karatasi moja, nakala mbili, mbele ya shahidi, yenye mambo haya: chombo kilikuwa katika hali gani, mbao zipi mbovu na kasoro zipi zajulikana, kazi gani itafanywa na kwa shilingi ngapi, kitakaa wapi na nani atakilinda usiku, kitakuwa tayari siku gani, na hasara ikitokea, nani atachukua ipi. Mwenye simu na apige picha za ubavu, mkuku na usukani siku ile ile, ahifadhi. Watu wengi huona haya kuandikiana na jirani, wakidhani kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake. Karatasi humlinda fundi mwaminifu asisingiziwe ufa uliokuwapo tangu zamani, kama vile imlindavyo mwenye chombo.

Mapatano ya nyumbani yakishindikana, mlango wa mahakama u wazi. Kwa sheria ya mwaka 2016 nchi yetu iliweka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tangu mwaka 2020 imepewa uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nayo yatakiwa kuyamaliza katika siku 60. Mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Lakini asikawie mno: dai litokanalo na mapatano lina muda wa miaka 6, na dai la uzembe usiohusiana na mapatano lina miaka 3. Muda ukipita, hata mwenye haki hurudi mikono mitupu.

Kwa mafundi nina neno la mwisho. Hasara ikitokea, usingoje mwenye chombo aje aione kwa macho yake. Mpelekee habari siku ile ile, mwite aje na shahidi wake, mwonyeshe gogo lililoteleza na kamba iliyokatika, wala usiondoe kitu mpaka amekwisha kutazama. Huenda ukalipa, huenda usilipe, lakini utakuwa umetimiza wajibu wa mtu aliyeaminiwa, na kesho watu bado watakuletea vyombo vyao. Na kwa wenye vyombo, mnapoletewa habari hizo, sikilizeni kwanza maelezo yote kabla ya kutaja polisi. Si kila hasara iliyo deni la fundi, ingawa ni juu yake kueleza kila hasara itokeayo mikononi mwake.