Mgeni wako ameuona mto?

Mgeni akitua Dar hatukosi pa kumzungusha. Siku ya kwanza Kariakoo, ya pili Coco Beach akale mihogo, ya tatu Mwenge kwenye vinyago. Kama mfuko una uzito, anafika hadi Oysterbay kwenye michoro ya Tingatinga, ile iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mwishoni mwa miaka ya 1960. Akirudi kwao anatamba kuwa ameumaliza mji. Haya, mto je?

Usicheke, msomaji wangu. Dar ni mji wa mto. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na bondeni nyuma yetu hapa Buguruni, unakwenda Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga baharini pale Salenda. Hata mashabiki wa mpira wanautaja kila Jumapili: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Wana Jangwani. Ila hilo jangwa, jamani! Jangwa gani mvua ikinyesha watu wanapanda juu ya mabati? Na sisi Buguruni tuna mtaa unaitwa Kisiwani. Njoo masika ndio utaelewa.

Tunatania, lakini mto huu umeua. Desemba 2011 mafuriko yaliondoka na roho zaidi ya 40 hapa mjini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikapitisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: mto uchimbwe, Jangwani pawe na daraja la juu, na pembeni iwepo bustani kubwa ya kupumzikia.

Bustani mimi naitaka, tena sana. Mji wote huu kivuli cha bure unakitafuta kwa tochi. Wasiwasi wangu ni kwamba bonde hilo halikuwa tupu. Kwa miaka mingi watu wamelima mchicha na matembele humo, wameosha magari, wamesomesha watoto. Bustani ikija na geti na kiingilio, hao watapita wapi?

Wakubwa wakichora ramani, waweke basi kona ya wauza mchicha, na nyingine ya mafundi wa Gerezani wanaokata mapipa chakavu wakatoa majiko ya mkaa. Lile jiko ni sanaa kama kinyago. Mzungu atalinunua hata kama kwao mkaa hakuna.