Juisi si Dawa ya Moyo



Wapo wanaowaambia mama zetu, sokoni Dzaleka hata mjini Lilongwe, kwamba juisi ni dawa ya moyo. Sisi twasema wazi: juisi ni kinywaji.

Mwanamke akishakoma hedhi, hatari ya maradhi ya moyo humzidi, na presha hupanda kimya kimya bila maumivu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake wengi wa umri huo. Waliokunywa juisi halisi kwa kiasi hawakuonekana kupata presha zaidi ya wenzao. Ni habari njema, lakini kutodhuru si kuponya.

Robo lita ya maji ya machungwa matupu ina gramu 20 hivi za sukari, yaani vijiko vidogo vitano. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50 hivi kwa siku. Juisi ya ubuyu, malambe ya hapa Malawi, mara nyingi huongezewa sukari tena. Afadhali embe zima, maana nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari mwilini. Na anayemeza nifedipini ajihadhari na balungi, kwani huvuruga dawa hiyo.

Kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, iko kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Mama akipewa rufaa ya mjini, fedha aliyomaliza kwa chupa za juisi ndiyo ingekuwa nauli yake. Akiacha vidonge akitegemea chupa, kiharusi chaweza kumkuta shambani au jikoni.

Basi tufanye mambo mawili. Kwanza, kila mmoja wetu ampeleke mama yake kupimwa presha kituo cha afya. Ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, afuate dawa asiache. Pili, chama kidai kwa waajiri, viwandani na mashambani, presha ipimwe kazini, na mwanamke anayekwenda kliniki asikatwe mshahara wa siku hiyo.

Wanawake hawa wametoa jasho lao miaka mingi. Kupimwa presha ni haki yao, wala si hisani ya tajiri. Tulidai pamoja.