Kikao kimoja hakitibu kiwewe

Basi likipinduka au bweni likiungua, haipiti siku mbili turubai linasimikwa, viti vya plastiki vinapangwa duara na manusura wanahimizwa: semeni yote, msibaki na kitu moyoni. Jioni kiongozi anawatangazia waandishi wa habari kwamba wote "wamepata ushauri nasaha". Imetoka hiyo, na hakuna anayehoji, maana sote tumeaminishwa kwamba la moyoni likishatamkwa limekwisha.

Haliishi. Mwaka 1997 watafiti wa Wales walichapisha habari za majeruhi wa moto waliosimulishwa yaliyowapata katika kikao kimoja cha mapema. Baada ya miezi 13, asilimia 26 yao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Wenzao walioachwa bila kikao, asilimia 9. Haya, tuseme kundi la kwanza liliungua vibaya zaidi, na ni kweli. Faida ya kikao iko wapi? Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kisitumike. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu navyo linakataza kuwapa watu wazima kwa ajili ya kiwewe mwezi wa kwanza.

Kosa ni kuwatia wote kapu moja. Kushtuka na kukosa usingizi wiki za mwanzo si ugonjwa. Wengi hutulia wenyewe wakiwa na ndugu, chakula na usalama. Wapo wasiotulia. Dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori anazunguka mitaa mitatu asipite pale njia panda, na honi ikilia jasho linamtoka. Huyu kidonda chake kina tarehe. Mlinganishe na dada wa kazi aliyepigwa na kufungiwa ndani miaka mingi huko Ghuba: naye ana jinamizi na woga, lakini juu ya hayo hasira zinamshinda, hamwamini hata mamake, na ukimuuliza anajibu, "Mimi si mtu wa maana." Orodha ya magonjwa ya kimataifa iliyoanza kutumika 2022 imeyatenga haya mawili. Wa kwanza huweza kupona kwa wiki chache za kulikabili tukio hatua kwa hatua. Wa pili mara nyingi huhitaji muda mrefu, na kazi ya kujenga upya imani kwa watu na kwa nafsi yake.

Msiniambie hatuna wataalamu. Mashariki ya Kongo, wanawake manusura wa ukatili wa kingono walitibiwa vikao 12, karibu vyote katika kikundi, na wahudumu wa kawaida waliofunzwa, wasio madaktari. Miezi sita baadaye asilimia 9 walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya 42 kwa waliopewa mtu wa kuwasikiliza tu walipomhitaji. Kwa kiwewe mambo yalikuwa hivyo hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Bado tunatenga fungu la turubai na posho za siku moja, na vikao 11 vilivyobaki havimo kwenye bajeti.