Lafudhi ya Kwenu si Aibu

Wenzangu, mbona mtu akisoma kwa lafudhi ya kwao darasa zima huangua kicheko? Mimi naona si haki. Mtazameni Jimmy Nail, mwigizaji na mwimbaji aliyezaliwa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa 1954. Jina Nail, yaani msumari, alibandikwa kiwandani baada ya kukanyaga msumari. Mwaka wa 1983, katika mchezo wa televisheni "Auf Wiedersehen, Pet", aliigiza Oz, mwashi aliyefuata kazi Ujerumani, akiongea Kiingereza cha kwao Newcastle. Ati walimkataa? Wapi! Mwaka wa 1992 wimbo wake "Ain't No Doubt" ulishika nambari ya kwanza Uingereza. Matamshi tujifunze, lakini kuchekana tuache. Mkataa kwao ni mtumwa.