Mtoto Naye Hufiwa

Kuna usemi unaosikika karibu katika kila msiba, toka Ifakara hadi Mlimba: "Huyo bado mdogo, hajui kitu." Husemwa kwa huruma, lakini ni uongo, na uongo huo huwaumiza watoto wetu.

Watu husema hivyo kwa kuwa wamemwona mtoto akicheza mpira na mama yake hajazikwa. Naam, hucheza. Mtoto hawezi kubeba uchungu mchana kutwa kama mtu mzima. Huubeba kidogo, huutua, kesho huurudia. Wengine hucheka watu wakilia. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine hushikwa na maumivu ya kifua kama yale ya marehemu baba yake, na daktari akimpima haoni ugonjwa. Mwingine huamini kwamba yeye ndiye aliyeua, eti kwa sababu jana yake alimkasirikia marehemu.

Ajabu ni kwamba mtani akicheka na kumwigiza marehemu pale pale msibani, tunamtunza pesa. Mtoto akicheka, tunampiga kofi.

Kisha tunamdanganya: "Baba amekwenda shamba." Katika bonde hili la Kilombero, ambako familia nyingi huhamia mashamba ya mpunga wakati wa kilimo na kurudi baada ya mavuno, hakuna jibu baya kuliko hilo. Mtoto husubiri mavuno. Magunia yanaingia nyumbani, baba haingii. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alieleza kuwa watoto wadogo wa Hungaria waliona kifo kama safari au usingizi tu. Sisi, badala ya kumsaidia mtoto kuivuka dhana hiyo, tunaipigilia misumari.

Shuleni mambo huharibika zaidi. Aliyefiwa huduwaa, hupigana, hutoroka. Mwalimu huona utundu, huchukua fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka kikomo cha viboko vinne, lakini hata kimoja ni kingi kwa kosa la kufiwa. Walimu wenzangu huuliza: nidhamu je? Nawajibu: nidhamu ni kumfanya mtoto ajue kosa lake. Huyu kosa lake ni lipi?

Tena, hatukukosa mfano nchini mwetu. Wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, UKIMWI ulipoacha yatima wengi, mradi wa Humuliza ulioanza miaka ya 1990 uliwafunza walimu kuutambua uchungu wa yatima na kumsikiliza.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi akifa, wa kuujua ni shangazi, ni mjomba, na ni wewe mwalimu. Mwambie mtoto wazi kwamba baba amekufa na hatarudi. Mwambie si yeye aliyemuua. Akitaka kwenda kaburini, mshike mkono mwende naye.