Mutumbula, Mtu wa Magoli 9

MAZUNGUMZO YA JIONI



Mwezi huu tunaanza na barua. Baba mmoja anayechimba dhahabu anatuandikia hivi:

"Mtoto wangu wa kiume ana miaka 16. Mpira anaujua kweli, hata kambini wanamwita kwa jina la mchezaji wa Ulaya. Sasa kuna PDG mmoja, ana shimo lenye kutoa vizuri, anataka kumuchukua katika ekipe yake. Anasema atamulipa franga kwa kila goli, na siku zingine atamupa kazi ya mchanga. Mtoto anataka kuacha masomo. Ananiambia: 'Papa, masomo iko ya nini? Wewe ulisoma, uko na nini?' Nimeshindwa kumujibu. Munisaidie."

Mpendwa baba, swali hili si lako peke yako. Wazazi wengi wanalo, ila wanaona haya kuliandika. Kabla ya kukujibu tutakueleza habari za mtu mmoja. Umwite mtoto aje, mkae pamoja, na msome naye.

Vijana wetu wanajua majina ya wachezaji wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Wanajua hata bei zao. Lakini ukiwauliza ni nani aliyefunga magoli mengi kuliko wote katika Kombe moja la Afrika, wengi wanakaa kimya. Kumbe ni mtu wa kwetu, Mkongomani. Jina lake ni Ndaye Mulamba.

Kijana wa Kasai

Ndaye Mulamba alizaliwa mwezi wa kumi na moja mwaka 1948, katika mji wa Luluabourg, ambao leo unaitwa Kananga. Alianza kucheza katika ekipe za kwao Kasai, kisha akaingia AS Vita Club ya Kinshasa. Alikuwa mchezaji wa mbele, kazi yake kufunga. Watu walimpa jina la Mutumbula, yaani muuaji, juu ya namna alivyokosa huruma mbele ya golikipa.

Mwaka 1973 Vita Club ilifika finali ya kombe la klabu bingwa za Afrika. Walicheza na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi Vita ilipigwa 4 kwa 2. Wengi walifikiri kwamba mambo yamekwisha. Lakini waliporudi Kinshasa, Vita ilishinda 3 kwa 0, na kombe likabaki kwetu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu 1974, ekipe ya taifa ilikwenda Misri kwa Kombe la Afrika. Nchi yetu wakati ule iliitwa Zaire, na ekipe iliitwa Léopards. Katika nusu finali walikutana na wenyeji, Misri, mbele ya watu wao. Misri iliongoza 2 kwa 0. Léopards hawakukata tamaa, walirudisha magoli yote na kushinda 3 kwa 2. Katika yale matatu, Ndaye alifunga 2.

Finali ilikuwa na Zambia. Ilikwisha 2 kwa 2, na magoli yote mawili ya Zaire yalikuwa ya Ndaye. Siku zile hawakupiga penalti za kuamua mshindi, ilibidi mchezo urudiwe. Baada ya siku mbili, tarehe 14, wakarudi uwanjani. Zaire ilishinda 2 kwa 0. Nani alifunga? Ndaye tena, yote mawili.

Ukihesabu mashindano yote, alifunga magoli 9. Kabla yake, Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefunga 8 mwaka 1970. Tangu 1974 mpaka leo Afrika imetoa wachezaji wakubwa wengi wenye majina na mali, lakini hakuna hata mmoja aliyefikia yale 9 katika Kombe moja.

Kosa la mwingine

Mwaka ule ule Léopards walikwenda Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia. Walikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika ya watu weusi, kusini mwa Sahara, kufika pale. Walipigwa 2 kwa 0 na Scotland, halafu 9 kwa 0 na Yugoslavia, kisha 3 kwa 0 na Brazil. Mpaka leo watu wengine wanawacheka.

Lakini wachezaji wenyewe walieleza baadaye mambo yaliyokuwa nyuma. Franga walizoahidiwa hazikuwafikia, na kabla ya mchezo na Yugoslavia walitaka hata kukataa kuingia uwanjani. Mtu akiingia kazini na moyo wa namna ile, atafanya nini?

Na katika mchezo ule Ndaye alipata neno la kusikitisha. Dakika ya 22, wachezaji wetu walikuwa wakibishana na arbitri, na mmoja akampiga teke kwa nyuma. Aliyepiga teke ni Mwepu Ilunga. Arbitri hakumwona vizuri. Akageuka, akamtoa Ndaye. Ndaye alitoka uwanjani kwa kosa ambalo si lake.

Baada ya kelele

Wachezaji waliposhinda Kombe la Afrika, Rais Mobutu aliwapokea kwa shangwe kubwa. Walipewa nyumba na magari. Kila mtu aliwaona kuwa matajiri. Lakini tuangalie vizuri. Zawadi si mshahara. Mkubwa akiwa na furaha anakupa, akikasirika hakupi, na huna karatasi ya kumdai. Tena serikali ya wakati ule haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda kutafuta kazi katika klabu za Ulaya. Basi Mutumbula, ambaye Afrika nzima ilimjua, alibaki nyumbani. Miguu ikachoka kama miguu ya watu wote, na kelele za uwanjani zikanyamaza.

Mwaka 1994 wakubwa wa mpira wa Afrika walimkumbuka. Walimwita Tunisia, wakati wa Kombe la Afrika, wakamheshimu mbele ya watu. Aliporudi nyumbani, watu wenye bunduki walimwendea na kumpiga risasi mguuni. Walifikiri kwamba mtu mwenye jina kubwa vile, tena ametoka ng'ambo, lazima awe na franga mingi. Hakuwa nazo. Mguu ule uliofunga magoli 9 ndio ulioumizwa juu ya mali ambayo haikuwako. Mtu mmoja alimpokea kwake na kumtunza miezi minane mpaka akapona.

Vita ilipoanza mwaka 1996, Ndaye alikimbilia Afrika ya Kusini, peke yake, mikono mitupu. Alifika Johannesburg, kisha Cape Town. Familia moja ya mtaa wa watu maskini ilimpokea. Hakuwa na kazi, na pombe ikamshika.

Sasa sikieni neno hili, ninyi watu wa kariere. Mwaka 1998 Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso. Habari ilifika pale kwamba Ndaye Mulamba amekufa, ameangukiwa na ajali katika machimbo ya almasi kule Angola. Watu wakasimama uwanjani, wakakaa kimya dakika moja kwa heshima yake. Na Ndaye hakuwa amekufa. Alikuwa hai, Cape Town, anatafuta chakula.

Kwa nini watu waliamini upesi hivi? Kwa sababu ni habari tunayoijua sana. Wakongomani wengi walikwenda Angola kuchimba almasi na hawakurudi. Hata hapa kwetu shimo linaanguka, mtu analeta jina, tunalia, na mara nyingine hata maiti hatuioni. Mchezaji mkubwa aliyezeeka na kukosa kazi, kufia shimoni, hakuna aliyeshangaa. Walisimama dakika moja juu yake. Lakini kumtafuta na kuuliza, "Huyu mutu iko wapi, anakula nini?", hakuna aliyefanya mapema.

Baadaye maisha yake yalitengenea kidogo. Alioa mwanamke wa Cape Town, akafundisha vijana wa mtaani kucheza mpira. Watu walitengeneza filamu juu ya maisha yake. Alikufa Afrika ya Kusini tarehe 26 mwezi wa kwanza mwaka 2019, akiwa na miaka 70.

Mwingine wa Italia

Msifikiri kwamba tunasema mpira ni mbaya. Tuwaeleze habari za mwingine. Mwaka 1990 Kombe la Dunia lilichezwa Italia. Mchezaji wa mbele wa Italia, Salvatore Schillaci, alianza mashindano akiwa kwenye benchi. Aliingia katika mchezo wa kwanza, na baada ya dakika chache akafunga kwa kichwa. Mpaka mwisho alikuwa amefunga magoli 6, kuliko wote. Alikuwa mtoto wa familia maskini ya Palermo, na ujanani alifanya kazi ya kutengeneza matairi.

Naye kelele zake zilikwisha upesi, pengine upesi kuliko za Ndaye. Baada ya miaka michache hakuitwa tena katika ekipe ya taifa. Lakini alikuwa na mapatano ya maandishi na klabu zake, Juventus, kisha Inter, na mwisho akaenda kucheza Japani. Alipomaliza, alirudi Palermo kwao na kuendesha shule ya mpira ya watoto. Alikufa mwaka 2024, akiwa na miaka 59, katika mji wake.

Tazameni watu hawa wawili. Wote walikuwa hodari. Ukihesabu magoli ya kombe moja, wa kwetu alifunga zaidi. Tofauti haikuwa katika miguu. Mmoja alilindwa na karatasi na uhuru wa kwenda kufanya kazi. Mwingine alishikwa na zawadi na ahadi.

Jibu letu

Sasa baba, tunarudi kwako.

Kwanza, usimkataze mtoto mpira. Ukimkataza atacheza kwa kujificha, na hutajua yuko na nani. Nenda ukamwangalie anapocheza. Akifunga, ufurahi naye.

Pili, mfundishe hesabu. Ndaye alikuwa na miaka 25 alipofunga yale magoli 9. Aliishi miaka karibu 45 baada yake. Miaka ya mguu ni michache, miaka ya tumbo ni mingi. Wewe mchimbaji unajua jambo hili. Filo ya dhahabu inapotoa, kila mtu ni rafiki. Inapokwisha, mwenye akili anaonekana kwa kile alichokijenga filo ilipokuwa hai.

Tatu, nenda kwa huyo PDG mwenyewe, na wazee wawili, na karatasi. Umuulize kwa heshima: Mtoto akivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Mchezo asipofunga, atakula nini? Saa za masomo utamwacha aende? Kama ni mtu wa haki, atajibu na kutia sahihi. Kama anacheka tu na kusema, "Muze, utuachie mtoto, tutapatana," basi umekwisha kupata jibu lako.

Nne, ile kazi ya mchanga uikatae. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inayolinda watoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hapaswi kutiwa katika kazi za hatari. Na karti ya mchimbaji inatolewa kwa mtu mzima tu. Shimo likianguka, hakuna atakayesema alimwajiri.

Tano, lile swali lililokushinda: "Wewe ulisoma, uko na nini?" Baba, barua yako iko hapa mezani. Uliiandika mwenyewe, kwa mkono wako, na tuliielewa yote. Mwambie mtoto: "Masomo haikunipa utajiri. Lakini nikipewa karatasi ninaisoma mbele ya kutia sahihi, na mtu akipima dhahabu yangu ninaweza kuhesabu naye. Na leo, juu yako, niliweza kuandika na kuomba shauri." Hilo si jambo dogo. Mutumbula alikuwa na miguu ya ajabu, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kumdai mtu.

Na neno la mwisho kwetu sote. Katika kambi nyingi kuna mzee anayechechemea, ambaye zamani alifunga magoli na watu wakambeba mabegani. Mumtafute. Mumpe kiti kando ya uwanja, afundishe watoto, naye apate kitu cha kupeleka nyumbani. Heshima yake mumpe sasa, akiwa hai na anaweza kuisikia.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Kati ya zawadi na mshahara, ni nini kinachoweza kudaiwa? Katika nyumba yetu tunategemea kipi?

2. Kazi yetu ya leo ikikwisha, tutaishi kwa nini? Je, tumeanza kukitayarisha?

3. Hapa kwetu ni nani aliyetukuzwa zamani na leo amesahauliwa? Nani atakwenda kumwamkia wiki hii?